Kusoma takwimu za sensa za kijiji cha Kanada: anza na nyumba, watu baadaye

Binamu yangu alipopata barua ya kazi kutoka kituo cha kulelea wazee katika kamji kadogo mashariki mwa Kanada, ujumbe wake wa kwanza kwangu ulikuwa mfupi: "Kaka, hapo kuna watu wangapi?" Nikaingia mtandaoni, nikaipata namba, nikamtumia. Watu elfu moja na kitu. Akafurahi, akasema ni kama kijijini kwa babu. Alifika Novemba na sanduku mbili, akalala gesti wiki saba kwa bei ya kitalii kwa sababu kamji kazima hakakuwa na chumba cha kupanga. Taarifa kwamba nyumba za kupanga hapo zinahesabika kwa vidole ilikuwa kwenye ukurasa uleule niliotolea idadi ya watu, mistari michache chini yake. Sikuisoma.

Tangu siku hiyo, mtu akinitajia mji mdogo wa Kanada natazama nyumba kwanza. Mwongozo huu unaeleza ninavyofanya. Unamfaa anayepiga hesabu za kuhamia huko, hasa sasa ambapo serikali ya Kanada ina mpango wa majaribio wa uhamiaji wa vijijini, ulioanza Januari 2025 ukiwa na jamii 14, zikiwemo Claresholm ya Alberta, Altona na Steinbach za Manitoba, na Pictou County ya Nova Scotia. Unamfaa pia mwanafunzi au mwandishi anayetaka kuzielewa namba hizo bila kudanganyika. Takwimu zote ni za bure, ila kurasa ziko kwa Kiingereza na Kifaransa tu.

Kabla ya yote: sahau sensa uliyoizoea

Sensa ya Tanzania ya 2022 iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kenya nayo mwaka 2019 ilihesabu waliolala usiku wa kuamkia 25 Agosti. Mgeni aliyekuja msibani akalala, anahesabiwa hapo hapo. Kanada haihesabu hivyo. Huko unahesabiwa mahali palipo makazi yako ya kawaida, hata kama siku ya sensa ulikuwa safarini. Mwanafunzi anayesoma mjini na kurudi kwa wazazi wake likizo anahesabiwa kwa wazazi. Fundi anayekwenda kambi ya mgodi kwa wiki mbili na kurudi anahesabiwa kwake. Tajiri wa Toronto mwenye kibanda cha kiangazi kando ya ziwa anahesabiwa Toronto, na kibanda chake kinabaki kwenye hesabu ya nyumba za kijiji bila mtu ndani. Shika hilo la kibanda, tutalirudia.

Sensa hufanyika kila miaka mitano, miaka inayoishia na 1 au 6. Kila sensa ina siku ya rejea, yaani siku ambayo hali ya siku hiyo ndiyo inayohesabiwa. Ya 2021 ilikuwa tarehe 11 Mei, na ya 2016 ilikuwa tarehe 10 Mei. Watu wengi hawamwoni karani yeyote. Hupokea barua yenye namba ya siri, wakajaza wenyewe mtandaoni. Wenye vibali vya muda, yaani wafanyakazi wa mkataba, wanafunzi wa kigeni na waomba hifadhi, nao wanahesabiwa.

Neno la pili la kuweka sawa ni kaya. Kwetu kaya ni wanaokula chungu kimoja. Ndugu wawili wenye wake zao wanaweza kukaa ua mmoja na kuhesabiwa kaya mbili kwa sababu kila mmoja ana jiko lake. Kwa Kanada kaya ni mlango. Wote wanaoishi ndani ya makazi yenye mlango wake wa kuingilia kutoka nje, au kutoka kwenye ukumbi wa pamoja, bila kupita sebuleni kwa mtu mwingine, ni kaya moja, hata wawe familia tatu zisizojuana. Na chumba cha chini ya ardhi chenye mlango wake ni makazi mengine na kaya nyingine, hata kama anayeishi humo ni mama mzazi wa aliye juu. Usipolishika hili utasoma takwimu za kaya za Kanada kwa macho ya kwetu, na kila hitimisho litakwenda kombo.

Hatua ya kwanza: hakikisha mpaka ndio huo

Ingia kwenye tovuti ya Statistics Canada, idara ya takwimu ya nchi hiyo, tafuta ukurasa uitwao Census Profile wa mwaka 2021, kisha andika jina la mahali. Majina hujirudia sana. Utapewa orodha, na kila jina lina herufi zinazoonyesha aina ya eneo: VL ni kijiji chenye serikali yake, T ni mji, RM ni manispaa ya mashambani inayozunguka vijiji na miji, SV ni kijiji cha kiangazi cha Alberta, IRI ni hifadhi, yaani ardhi iliyotengewa Wenyeji wa Asili. Hapo ndipo wengi hukosea, mimi nikiwemo. Kijiji na manispaa ya mashambani inayokizunguka vinaweza kuwa na jina moja, ilhali ni hesabu mbili tofauti kabisa. Duka, shule na zahanati viko kijijini, lakini wanaovitumia wako kote kuwili.

Mfano bora ninaoujua ni Lytton, British Columbia, kijiji kilichokaa pale mito Fraser na Thompson inapokutana. Sensa ya 2021 inakipa watu 210. Ukiishia hapo utadhani ni kitongoji cha watu waliojificha milimani. Lakini kukizunguka kuna hifadhi kadhaa za Wanlaka'pamux, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Asili, na kila hifadhi yenye wakazi huhesabiwa kama eneo linalojitegemea, lenye ukurasa wake. Moto ulipozuka mwaka 2021, walioondolewa kijijini na maeneo ya jirani walizidi 1,000. Kwa hiyo 210 ni namba sahihi ya mpaka wa kijiji, lakini haisemi ni watu wangapi walikuwa wakienda Lytton kununua mkate.

Basi fungua ramani iliyo kwenye ukurasa huohuo, angalia majirani, kisha chukua namba za maeneo yote yanayotegemea huduma zilezile uzijumlishe. Ni kazi ya dakika kumi. Angalia pia kama mpaka ulibadilika. Mji ukimega sehemu ya manispaa jirani, watu "huongezeka" bila yeyote kuhama. Idara ya takwimu hurekebisha namba ya sensa iliyopita ilingane na mpaka mpya, lakini ukichukua namba ya zamani kutoka kwingine utapata ongezeko la uongo.

Jambo moja la pembeni kuhusu neno "vijijini". Kwa takwimu za Kanada, mahali penye watu wasiopungua 1,000 na msongamano wa watu 400 kwa kilomita ya mraba ni kituo cha watu. Kilichobaki chote ni vijijini. Kwa kipimo hicho, mwaka 2021 wakazi wa vijijini walikuwa asilimia 17.8 ya Wakanada wote, yaani watu milioni 6.6 hivi. Mji wa watu 1,800 wenye kituo kimoja cha mafuta unaweza usiwe "kijijini" kitakwimu. Usibishane nao, jua tu neno linavyotumika.

Hatua ya pili: soma namba mbili za nyumba kabla ya namba ya watu

Juu kabisa ya ukurasa kuna mistari michache: idadi ya watu 2021, idadi ya watu 2016, mabadiliko kwa asilimia, jumla ya nyumba, nyumba zinazokaliwa na wakazi wa kawaida, msongamano, eneo la ardhi. Hizi za juu, za watu na nyumba, hazizungushwi kama nyingine nitakazozieleza hapa chini, ndiyo maana ninaziamini zaidi.

Toa nyumba zinazokaliwa kutoka jumla ya nyumba. Tuseme kijiji kina nyumba 180 na zenye wakazi ni 120. Pengo ni 60, theluthi nzima. Kwa nchi yote mwaka 2021, jumla ya nyumba ilikuwa 16,284,235 na zilizokaliwa 14,978,941, pengo la asilimia 8 hivi. Kwa hiyo kijiji chako chenye pengo la theluthi moja kina jambo, na kazi yako ni kujua ni lipi.

Hapa ndipo wageni hudanganyika: "Nyumba 60 tupu! Sitakosa moja." Pengo hilo halimaanishi nyumba za kupanga. Limo pipa zima la mambo: vibanda vya kiangazi, nyumba za marehemu ambazo watoto wako mjini na hawajaamua la kufanya, nyumba zinazosubiri kuuzwa, na nyumba ambazo siku ile walikuwemo watu wenye makazi ya kawaida kwingine. Vijiji vya kiangazi vya Alberta ni mfano wa wazi. Nyumba ni nyingi, wakazi wa Mei ni wachache, na Februari barabara haina alama ya gurudumu. Mahali penye ziwa au pwani, chukulia pengo ni la mapumziko. Mahali pakavu pa nyanda za ngano ambapo watu hupungua sensa hadi sensa, chukulia nyumba zimeachwa, na huenda mabomba yalipasuka kwa baridi zamani.

Halafu gawa idadi ya watu kwa nyumba zinazokaliwa. Utapata takribani ukubwa wa wastani wa kaya. Kanada nzima ni watu 2.4. Tanzania 2022 ilikuwa 4.3, Kenya 2019 ilikuwa 3.9. Kijiji cha Kanada kikikupa 1.9, jiandae kukutana na wazee wanaoishi wenyewe. Kikikupa 3 na zaidi, ama ni jamii ya vijana wenye watoto, ama ni mahali ambapo watu wamebanana kwa kukosa nyumba. Jedwali la hatua ya tano litakuambia ni lipi kati ya hayo.

Lakini kuna mtego. Idadi ya watu inajumuisha wanaoishi kwenye makazi ya pamoja: vituo vya wazee, kambi za wafanyakazi, magereza, na makoloni ya Wahutterite, wale Wakristo wa mashambani wanaoishi kijamaa, ambao nyanda za magharibi wako wengi. Hao hawahesabiwi kwenye nyumba za kaya. Manispaa yenye koloni mbili ikipigwa hesabu yangu ya kugawanya itaonekana ina kaya kubwa ajabu. Kwa hiyo tazama pia mstari wa ukubwa wa wastani wa kaya uliokokotolewa rasmi, ulinganishe.

Hatua ya tatu: jifunze kutoamini namba ndogo

Jedwali likianza kugawa watu kwa umri, lugha au mapato, karibu kila namba unayoiona imezungushwa kwa makusudi hadi kigawe cha 5, wakati mwingine 10, ili jirani asimtambue jirani. Na haizungushwi kwa kanuni ya shuleni: 7 inaweza kuwa 5, inaweza kuwa 10, kwa bahati nasibu yenye uzani. Ndiyo maana ukijumlisha safu hupati jumla iliyoandikwa chini. Usiandike barua ya malalamiko.

Madhara yake kwa kijiji ni makubwa kuliko unavyodhani. Mtu wa kwetu hupenda kushuka hadi kwenye jedwali la lugha ya mama atafute Kiswahili. Akikuta 0 anahuzunika, akikuta 5 anafurahi. Zote mbili zinaweza kuwa watu wawili walewale. Kwenye mji mdogo, 0 inasomeka "huenda hakuna, huenda ni mmoja au wawili". Piga simu kanisani au msikitini, utapata jibu la kweli zaidi.

Kisha kuna suala la sampuli. Kila kaya hujaza fomu fupi: umri, jinsia, uhusiano, lugha. Maswali ya kazi, elimu, uhamiaji na hali ya nyumba yako kwenye fomu ndefu, ambayo hupelekwa kwa robo moja ya kaya. (Kwenye hifadhi za Wenyeji wa Asili na maeneo ya mbali kila kaya hupewa fomu ndefu.) Fikiria kijiji chenye kaya 60. Fomu ndefu zinafika kaya 15 hivi, kila moja ikiziwakilisha nne. Kaya moja ikisema paa linavuja, kwenye jedwali ni kaya nne zenye paa bovu, zinazozungushwa zikawa 5 au 0. Asilimia utakayoikokotoa hapo haina uzito wa kubeba uamuzi wa maisha.

Sehemu nyingine utakuta herufi badala ya namba. Herufi x ina maana taarifa imefichwa kulinda siri, F ina maana haikuaminika kiasi cha kuchapishwa. Eneo lenye watu chini ya 40 halipewi karibu chochote zaidi ya idadi ya watu na nyumba, na kwa mapato masharti ni makali zaidi.

Ukirudi nyuma kulinganisha, ruka fomu ndefu ya 2011. Mwaka huo serikali iliifanya kuwa ya hiari. Mkuu wa idara ya takwimu, Munir Sheikh, alijiuzulu Julai 2010 kwa sababu hiyo. Wengi vijijini hawakujaza, na taarifa za maeneo zaidi ya 1,000 hazikuchapishwa kabisa, Saskatchewan ikiumia kuliko wote. Ulazima wa kuijaza ulirudishwa 2016. Ukiona mtu anachora mstari wa hali ya nyumba za kijiji kidogo kutoka 2006 kupitia 2011 hadi 2021 kana kwamba hakuna kilichotokea, mwulize.

Hatua ya nne: kaya na familia

Hii ni fupi. Familia ya sensa ni wanandoa au wanaoishi pamoja, wakiwa na watoto au bila, au mzazi mmoja na watoto wake. Bibi anayeishi na mwanawe aliyeoa yumo kwenye kaya lakini hayumo kwenye familia yao ya sensa. Tazama mstari mmoja: kaya za mtu mmoja. Kitaifa zilikuwa asilimia 29.3 mwaka 2021. Kijiji kinachozidi hapo kwa mbali, hasa chenye wazee wengi, ndicho kitakachokuwa na nyumba sokoni miaka kumi ijayo, na ndicho kinachotafuta wahudumu wa afya leo.

Hatua ya tano: majedwali ya nyumba, polepole

Chukua kalamu hapa.

Anza na mmiliki dhidi ya mpangaji. Kitaifa asilimia 66.5 ya kaya zilikuwa na nyumba zao mwaka 2021. Vijijini umiliki huwa juu zaidi mara nyingi. Ukikuta kaya 400 ambazo wapangaji ni 50, piga picha ya soko: hizo 50 zina watu tayari. Ni ngapi zitakuwa wazi wiki utakayofika? Na usitarajie kuokolewa na takwimu za kodi za shirika la taifa la nyumba, CMHC. Utafiti wake wa soko la kupanga hufanyika kwenye miji yenye watu 10,000 na kuendelea. Chini ya hapo sensa ndiyo karibu taarifa pekee rasmi uliyonayo. Kwenye hifadhi utakuta kundi la tatu, nyumba zinazotolewa na serikali ya jamii yenyewe. Hizo hazimhusu mpangaji mgeni.

Kisha mwaka wa kujengwa. Makundi huanza na "1960 au kabla" na kuishia "2016 hadi 2021". Soma miisho miwili tu. Kundi la mwisho likiwa 0, hakuna anayejenga. Kundi la kwanza likiwa nusu ya nyumba zote, uliza kuhusu tanuru la kupasha joto na madirisha kabla ya kuuliza kodi, kwa sababu bili ya joto ya Januari kwenye nyumba ya zamani inaweza kukufanya uione kodi kuwa ndogo.

Halafu hali ya nyumba. Mwenye nyumba anajieleza mwenyewe kama inahitaji matunzo ya kawaida, matengenezo madogo, au makubwa kama nyaya, mabomba au kuta zilizoinama. Zenye matengenezo makubwa kitaifa zilikuwa asilimia 6.1. Kumbuka sampuli: kwa kijiji kidogo, linganisha na manispaa jirani zikiwa zimejumlishwa, usitegemee kijiji peke yake. Thamani ya nyumba nayo ni makadirio ya mwenyewe, jibu la "ungeiuza leo ungepata ngapi?". Wazee walionunua miaka ya 1980 hawajui bei za leo, na wengine wanazijua kupita kiasi.

Kuna kipimo cha kubanana. Nyumba "inatosha" ikiwa wenza wana chumba, wazazi hawalali na watoto, kila mtu mzima asiye na mwenza ana chumba chake, na watoto wa jinsia tofauti wenye umri wa miaka 5 au zaidi hawalali pamoja. Kwa kipimo hicho nyumba niliyokulia ingefeli kabla karani hajamaliza kufungua daftari. Lakini usikicheke, kwa sababu huko ndiko jibu la lile swali la kaya kubwa: kaya za watu 3 na zaidi pamoja na nyumba nyingi zisizotosha ni dalili ya uhaba, na kaya kubwa zenye nyumba zinazotosha ni watoto tu, alhamdulillahi.

Mwisho kuna gharama. Kaya inayotumia asilimia 30 au zaidi ya mapato kwa makazi inahesabiwa imeelemewa. Kitaifa zilikuwa asilimia 20.9. Kipimo kikali zaidi, cha uhitaji mkubwa wa makazi, kilishuka kutoka asilimia 12.7 mwaka 2016 hadi 10.1 mwaka 2021. Usishangilie haraka. Kwanza, kipimo hicho hakigusi kaya za mashambani zinazolima wala zilizo kwenye hifadhi, kwa hiyo kwa maeneo mengi ya vijijini kinaacha nje walewale unaotaka kuwajua. Pili, mapato yanayotumika kwenye sensa ya 2021 ni ya mwaka 2020, mwaka wa korona, serikali ilipokuwa ikitoa dola 2,000 kwa kila wiki nne kwa waliopoteza kazi. Mapato ya katikati ya kaya baada ya kodi, yaani ya kaya ambayo nusu ziko juu yake na nusu chini, yalifika dola 73,000. Ukisoma namba za mapato za 2021 za mji wa hoteli au uvuvi, jiulize kiasi gani kilikuwa mshahara na kiasi gani kilikuwa msaada.

Hatua ya sita: umri na waliohamia

Kitaifa wenye miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 19 mwaka 2021. Kijiji kikiwa na 30 au 35, shule iko hatarini na zahanati inaajiri. Unaenda na watoto? Tazama kundi la miaka 5 hadi 14, kisha uliza umbali wa shule.

Jedwali ninalolipenda kuliko yote ni la waliohama: ulikuwa ukiishi wapi mwaka mmoja uliopita, na miaka mitano iliyopita. Namba ya ongezeko au pungufu ni salio tu. Chukua Churchill, Manitoba, kule kwa dubu weupe, kusikofikika kwa barabara. Mwaka 2006 ilikuwa na watu 923, 2011 ikashuka 813, 2016 ikapanda 899, na 2021 ikawa 870. Kati ya sensa mbili za mwisho bandari ilisitisha kusafirisha nafaka Julai 2016, mafuriko yakakata reli Mei 2017, na treni hazikurudi hadi mwishoni mwa 2018. Mji ulikaa bila reli kwa mwaka na nusu, na salio ni pungufu la watu 29. Salio hilo linaficha walioondoka, waliokuja na waliozaliwa. Jedwali la waliohama ndilo linaloanza kuwatenganisha. Tena siku ya rejea ni Mei, ilhali watalii wa dubu huja Oktoba na Novemba pamoja na vibarua wa msimu. Hao hawamo.

Upande wa pili kuna Neepawa, Manitoba, yenye kiwanda cha nyama ya nguruwe kilichovuta wafanyakazi wengi kutoka Ufilipino: watu 4,609 mwaka 2016, kisha 5,685 mwaka 2021. Ongezeko la zaidi ya asilimia 23 kwa miaka mitano. Mgeni husoma hapo fursa. Mimi nasoma swali: je, jumla ya nyumba nayo imepanda kwa kasi hiyo? Na Claresholm iliyo kwenye mpango wa 2025 ilitoka 3,780 hadi 3,804, watu 24 tu. Ukijua hivyo unaelewa kwa nini inatafuta wageni.

Hatua ya saba: asilimia za kijiji zigeuze kuwa watu

Lytton ilitoka watu 249 mwaka 2016 hadi 210 mwaka 2021, pungufu la asilimia 15.7. Kichwa cha habari kingesema kijiji kinakufa. Geuza kuwa watu: ni 39. Familia moja ya watu saba ikihama kutoka kwenye 210, imeondoka asilimia 3.3. Mwalimu, polisi na muuguzi wakihamishwa na familia zao, umepoteza "kumi kwa mia". Kwa hiyo kwa maeneo madogo tazama sensa tatu au nne mfululizo, na andika idadi ya watu mbele ya asilimia siku zote.

Hatua ya nane: uliza nini kilitokea baada ya siku ya rejea

Namba 210 ya Lytton ni ya tarehe 11 Mei 2021. Tarehe 29 Juni, Lytton ilipima nyuzi joto 49.6, rekodi ya Kanada nzima. Kesho yake moto ukateketeza asilimia 90 ya kijiji. Watu wawili walikufa. Siku 50 baada ya sensa. Matokeo yalipotangazwa Februari 2022, ukurasa ulionyesha wakazi na nyumba zilizokaliwa, mahali palipobaki majivu na uzio. Idara haikukosea, iliulizwa kuhusu Mei 11 ikajibu Mei 11. Anayesoma ndiye anayepaswa kutafuta kilichofuata: moto, mafuriko, kiwanda kilichofungwa, mgodi uliofunguliwa.

Siku ya rejea baada ya hiyo ya 2021 ni 12 Mei 2026, na majedwali ya kina huchukua mwaka na zaidi kutoka. Katikati ya hapo kuna makadirio ya idadi ya watu ya kila tarehe 1 Julai, ambayo hurekebishwa kwa waliorukwa na sensa, kwa hiyo usishangae yakiwa makubwa kuliko namba ya sensa yenyewe. Usiichukue ya sensa ya 2016 ukailinganisha na makadirio ya mwaka huu. Ni vipimo viwili.

Kisha piga simu ofisi ya kijiji. Ni rahisi kuliko unavyodhani, mara nyingi anapokea mtu mmoja anayefanya kila kitu. Mimi huuliza manne: vibali vingapi vya ujenzi wa nyumba vimetolewa tangu 2021, nyumba ngapi zimegeuzwa za kulaza watalii, mwajiri mkubwa ana nyumba za wafanyakazi au la, na kama ningefika mwezi ujao, ningelala wapi. Swali la nne liulize la mwisho, kisha nyamaza usikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.